Ngamia wa Shilingi Mia na Hamsini

Ukisema mjini Garissa kwamba kazi yako ni kutengeneza websaiti, watu watakuheshimu kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, kisha mmoja wao atakuuliza kama unaweza pia kumwangalizia feni yake, imeacha kuzunguka. Siwalaumu. Joto likifika nyuzi 37, feni ina faida kuliko websaiti yoyote ninayoijua. Lakini kazi hii ina tawi moja dogo ambalo halimo kwenye cheti changu, na ndilo linaloniletea wateja kuliko mengine yote: kusuluhisha watu na mwisho wa mstari.

Maandishi yakishachapwa kwenye karatasi yametulia. Yakiwa kwenye simu hayatulii. Sentensi iliyokaa mstari mmoja kwenye kompyuta ya ofisi itakaa mitatu kwenye simu ya kawaida ya Android, ambayo kivinjari huihesabu kuwa na upana wa pikseli 360 hivi. Kwenye simu ya mzee aliyekuza herufi hadi mwisho kwa sababu miwani yake aliisahau Wajir, itakaa minane. Neno lisilotosha linashuka chini. Anayeamua lishuke wapi si mwandishi wala si fundi. Ni kivinjari, na kivinjari hakijui adabu, hakijui mitaa ya Garissa, na zaidi ya yote hakijui bei ya ngamia.

Hilo la mwisho nililipatia ushahidi kwa mzee mmoja mfanyabiashara wa mifugo. Jina lake silitaji kwa sababu bado namdai. Mzee huyu hushinda katika soko la mifugo la Garissa, ambalo ni miongoni mwa masoko makubwa ya mifugo Afrika Mashariki, na mwanawe yuko Uswidi. Mwana ndiye aliyetoa shauri kwamba ngamia siku hizi wauzwe mtandaoni. Akamtafuta fundi wa kujenga websaiti (si mimi, na yule fundi baadaye alihamia Nairobi na kubadilisha laini), kisha yeye mwenyewe akawa anaandika matangazo kutoka hukohuko kwenye theluji. Sasa Waswidi wana desturi yao. Sisi elfu tunazitenga kwa koma, wao huzitenga kwa nafasi. Laki moja na nusu wanaiandika 150 000. Kijana amekaa kwao miaka, mkono umezoea. Akaandika: Ngamia jike, mzao wa pili, ana maziwa, Sh 150 000.

Kwa macho ya binadamu ile nafasi iko ndani ya tarakimu. Kwa kivinjari ni nafasi tu, sawa na nyingine zote, na kila nafasi ni ruhusa ya kukata mstari. Kwenye simu pana bei ilitosha. Kwenye simu nyembamba haikutosha, na sufuri tatu zikashuka chini. Hata hapo pasingekuwa na msiba, maana mtu angeziona zimekaa mstari wa pili. Bahati mbaya yule fundi alikipa kisanduku cha bei kimo cha mstari mmoja, akaamuru kinachozidi kisionekane. Nusu ya kaunti ikasoma: Ngamia jike, mzao wa pili, ana maziwa, Sh 150.

Simu zilianza kabla ya adhana ya alfajiri. Modogashe, Balambala, Masalani, Dadaab.

"Mzee, yule ngamia wa mia na hamsini bado yupo?"

"Yupo," akajibu Mzee, kwa sababu sokoni hakuna mtu anayemaliza kutamka "elfu". Mia na hamsini ni mia na hamsini elfu, hilo hata mbuzi wanalijua.

"Na bei ya mwisho?"

"Wewe nikufanyie mia na arobaini."

Upande wa pili ukanyamaza kidogo. Mtu alikuwa tayari kumnunua ngamia mwenye maziwa kwa nauli ya bajaji, na bado anapunguziwa shilingi kumi. Akasema atachukua wawili. Baadaye Mzee akapata ujumbe wa M-Pesa wa Sh 280 kutoka kwa mtu asiyemfahamu, akadhani kuna anayemlipa deni la majani ya chai. Kisha simu ikalia tena.

"Mzee, pesa imefika? Basi wapakie kwenye lori la Modogashe. Nauli nitalipa mimi, sisi si watu wa kuwaonea wenzetu."

"Warya, kwa pesa hiyo hupati hata kamba ya kuwafungia!"

Mnunuzi hakukubali kirahisi. Tangazo lipo, ameliona kwa macho yake. Mzee amekubali bei kwa mdomo wake, tena amepunguza mwenyewe bila kulazimishwa, na mashahidi walisikia maana simu ilikuwa kwenye spika. Ubaya ni kwamba yote aliyosema yalikuwa kweli. Jambo likafika mbele ya wazee. Wakakaa chini ya mti, wakaitazama simu moja, wakaitazama ya pili, wakakuta kila simu ina bei yake. Hukumu ilikuwa kwamba Sh 280 zirudi zilikotoka, Mzee awalipie wote chai, na aitwe mtu anayejua mambo haya. Nikaitwa mimi.

Dawa fupi ni koma: Sh 150,000. Kivinjari hakikati mstari kwenye koma iliyokaa kati ya tarakimu mbili. Lakini hata hapo inabaki nafasi baada ya "Sh", na mstari unaweza kuishia kwenye "Sh" yenyewe, pesa zikafuata chini. Kwa hiyo nikamweleza Mzee kwamba ipo nafasi ya aina nyingine, inayoonekana sawasawa na nafasi ya kawaida lakini haikatiki. Fundi anaiandika   na anayetumia Word anabonyeza Ctrl, Shift na kitufe cha nafasi kwa pamoja. Mzee alinitazama nilivyowahi kutazamwa na mtahini. Nikabadilisha lugha. Nikamwambia: unajua ngamia wa msafara, wa nyuma amefungwa kamba ya taya kwenye mkia wa mbele? Akishuka bondeni mmoja, wanashuka wote wawili. Nafasi isiyokatika ndiyo ile kamba.

Alielewa papo hapo. Alielewa kupita kiasi. Jioni ileile akampigia mwanawe Uswidi na kumwamuru afunge kamba kila mahali, neno kwa neno, kusiwe na kitakachoachwa nyuma. Mtoto mtiifu akafanya alivyoagizwa. Kesho yake tangazo zima lilikuwa mstari mmoja usiokatika, limetoka nje ya kioo kuelekea kulia. Ukilisukuma kwa kidole linakuja, ukilisukuma tena linaendelea kuja. Lilianza Garissa, na kwa makadirio yangu liliishia karibu na Mandera.

"Mzee, hili halisomeki."

"Linaonyesha mali ni nyingi," akanijibu.

Ilibidi nimweleze kwamba hata msafarani ngamia wote hawafungwi pamoja, na kwamba kamba ni ya "Sh" na tarakimu zake, ya jina la mahali, ya nambari ya simu, basi. Alikubali, ila kwa shingo upande, na nadhani hiyo ndiyo sababu ya lile deni.

Kundi jingine la wateja wangu ni makarani wastaafu. Garissa ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki mpaka kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, kwa hiyo mji umejaliwa wazee waliochapa barua za serikali kwa taipu. Anayeikumbuka ile mashine anajua: ukikaribia ukingo wa kulia inagonga kengele, unamalizia neno, unasukuma wenzo, gari linarudi kulia, unaanza mstari mpya. Makarani wamestaafu lakini mkono wao wa wenzo bado uko kazini. Leo anachapa tangazo la mtaa kwenye laptopu ya mjukuu, na kila anapoona ukingo unakaribia anasikia kengele ambayo haipo, anabonyeza Enter.

Kwenye laptopu yake tangazo limenyooka. Kwenye simu mstari haukutosha, neno moja limeshuka, na palepale amri ya Enter inalazimisha mstari mpya. Matokeo ni haya:

Mkutano wa wazee wa mtaa utafanyika
siku
ya Jumamosi saa nne asubuhi katika
uwanja
wa shule ya msingi na mada itakuwa
maji

Mrefu, mfupi, mrefu, mfupi. Mtu akilisoma kwa sauti anatweta.

"Kijana," karani mmoja aliniambia, akiwa ameketi wima kabisa, "mimi nimeandika barua za PC, Mkuu wa Mkoa."

"Najua, Mzee."

"Na PC hakulalamika hata siku moja."

"PC hakuzisoma kwenye simu, Mzee."

Alifikiri. Kisha akatoa uamuzi kwamba tatizo ni simu za siku hizi, na kwamba serikali inafaa kuwaagiza watu wanunue pana.

Huyuhuyu karani ndiye aliyeandika tangazo la Bulla Punda. Kwa wasioijua Garissa, mitaa yetu mingi inaanza na neno Bulla: Bulla Iftin, Bulla Mzuri, na hiyo Bulla Punda. Tangazo lake lilikuwa la heshima tupu: "Wazee wa Bulla Punda wanaombwa kufika bila kukosa." Mara hii Enter hakuigusa, nilikwisha kumsihi. Lakini kati ya Bulla na Punda palikuwa na nafasi ya kawaida, na kwenye simu za wengi mstari ukakatika hapo hapo:

Wazee wa Bulla
Punda wanaombwa
kufika bila kukosa

Msomaji mwenye haraka huanzia pale macho yanapotua. Kabla ya adhuhuri picha ya mistari miwili ya chini ilikuwa imezunguka kwenye makundi yote ya WhatsApp, na mji wenye punda wengi wa kuvuta mikokoteni ya maji haukosi watu wa kuitikia mwaliko. Siku ya mkutano mwenye mkokoteni mmoja alifika na punda wake wawili, akawafunga karibu na meza kuu, akauliza posho yao inalipwa na nani. Karani hakucheka. Wazee wa Bulla Punda walicheka, lakini baadaye, walipofika nyumbani.

Hapo ingetosha kamba moja. Majina ya mahali yenye maneno mawili yafungwe, na si kwa ajili ya kicheko peke yake. Bura Mashariki iko kwetu, Fafi, na Bura nyingine iko ng'ambo ya mto, Kaunti ya Tana River. "Bura" ikibaki juu na "Mashariki" ikafichwa na kisanduku, dereva wa lori anaweza kuvuka Tana na mzigo wa watu wengine.

Karani alinipa kazi ya kufunga majina, lakini mpwa wake alikuwa na shauri la haraka zaidi. Kijana huyo yuko chuo, mwaka wa pili, umri ambao mtu anajua kila kitu isipokuwa sababu yake. Alikuwa amegundua kuna amri iitwayo break-all, inayokiruhusu kivinjari kukata neno popote, herufi yoyote, ili kila mstari ujae hadi ukingoni. Amri hiyo ina kwao. Kichina na Kijapani huandikwa bila nafasi kati ya maneno, na mstari wao unaweza kuishia karibu baada ya herufi yoyote bila mtu kuumia. Ukiileta Garissa ni machinjioni. Kijana akaitia kwenye ukurasa mzima wa mtaa, matangazo yote kwa pamoja, akaenda zake kucheza mpira.

La kwanza kuumia lilikuwa tangazo la mjomba wake:

Kutakuwa na mku
tano saa nne asu
buhi

Nusu ya watu walifika saa nne. Nusu walifika saa tano, na walikuwa na ushahidi: imeandikwa tano. Wa saa nne wakaonyesha simu zao, wa saa tano wakaonyesha zao, na ajenda ya maji haikufikiwa siku hiyo.

La pili lilikuwa la mama mmoja muuza maziwa wa Soko Mugdi. Yeye hulipia sehemu ndogo ya matangazo kwenye ukurasa ule, na alikuwa ameandika kwa ufupi wa kibiashara, bila hata "Sh": Maziwa safi ya ngamia 200 kwa lita. Likatoka hivi:

Maziwa safi ya nga
mia 200 kwa lita

Mteja wake mmoja, mwalimu wa hesabu, alikaa chini akapiga hesabu: mia mara mia mbili ni elfu ishirini. Akampigia mama kumuuliza kwa upole kama hayo maziwa yana dawa ndani. Mama alinijia akiwa na dumu mkononi.

"Fundi, mimi nauza maziwa. Siuzi dhahabu."

"Ni mpwa wa karani, Mama."

"Basi mpwa wa karani aje anunue lita kwa hiyo elfu ishirini, tumalize."

Amri aliyoihitaji kijana ni nyingine, na ina adabu. Inaitwa overflow-wrap. Hii hailigusi neno mpaka neno lenyewe peke yake lishindwe kutosha kwenye mstari mzima. Microsoft ndio walioianzisha katika kivinjari chao cha Internet Explorer kwa jina la word-wrap, baadaye ikapewa jina jipya, na la zamani bado linaitika. Kazi yake kubwa ni viungo vya tovuti, yale maandishi marefu yasiyo na nafasi hata moja, ambayo yakiachwa hivihivi yanausukuma ukurasa mzima pembeni hadi msomaji aone nusu ya kila neno. Na kwa maneno yetu marefu, mfano "waliojiandikisha" kwenye kichwa cha jedwali jembamba, fundi anaweza kupachika kistari kilichojificha, ­, mahali anapochagua mwenyewe. Neno likitosha, kistari hakionekani. Lisipotosha, linakatika kwenye silabi, si pale kivinjari kilipochoka. Silabi za Kiswahili hazina ugumu, nyingi zinaishia na irabu, mtoto wa darasa la pili anazikata kwa kupiga makofi. Mpwa wa karani alikuwa amepita darasa la pili.

Mteja aliyenishinda, na nitasema waziwazi kwamba alinishinda kwa hoja, ni maalim wa duksi, yaani chuo cha Kurani. Alitaka ukurasa wa lugha tatu: Kiarabu juu, Kisomali katikati, Kiswahili chini. Nikautengeneza, nikampelekea. Akauangalia kwenye simu yake, akauangalia kwenye yangu.

"Fundi, huu ukurasa una mistari mingapi?"

"Inategemea, Maalim."

"Inategemea nini?"

"Simu ya anayesoma."

"Basi hujaandika kitu."

Kisha akanifungulia msahafu. Ule wa Madina, uliochapwa na Kituo cha Mfalme Fahd kwa hati ya Uthman Taha, una kurasa 604, na ukiacha zile mbili za mwanzo kila ukurasa una mistari 15. Kila ukurasa unaishia pale aya inapoishia. Ukinunua nakala Garissa na nyingine Muscat, mstari wa nne wa ukurasa fulani unaanza na neno lilelile na kuishia na neno lilelile. Vijana wake wanahifadhi hivyo. Muulize mmoja aya iko wapi, kabla hajaisoma atakwambia: ukurasa wa kulia, mstari wa tatu kutoka chini. Mahali pa neno ni sehemu ya kulihifadhi. Na mwandishi wa hati, mstari ukimbakia wazi, halikati neno kwa kistari. Anarefusha mkono wa herufi hadi ukingo ujae.

Sikuwa na jibu. Hata programu za simu zinazoonyesha msahafu kwa mpangilio ule huonyesha ukurasa kama picha, au hutumia fonti iliyoundwa mahsusi kwa kila ukurasa mmoja mmoja, kwa sababu kivinjari hakiaminiki hata kidogo kuachiwa kazi hiyo. Yapo maandishi ambayo mstari ni wake, haukuazimwa. Shairi letu la mizani 16 nalo ni hivyohivyo: likikatwa baada ya mizani kumi na moja kwa sababu simu imeishiwa nafasi, kina cha kati kinatoweka na malenga anaonekana hajui kazi. Simu ikiwa nyembamba, kata kati ya ukwapi na utao, mizani nane kwa nane, na msomaji hatajua kwamba kuna lililotokea. Lakini ratiba ya duksi na ada ya muhula si msahafu wala si shairi. Nilimwambia Maalim hivyo, kwa sauti ya chini. Akasema, "Ratiba nayo mtu huihifadhi." Nikanyamaza.

Nilipata nafuu kidogo kwenye nambari ya simu. Tangazo la kwanza la duksi, la kabla yangu, lilikuwa na nambari ya Maalim ndani ya aya ya Kiarabu, imetengwa vikundi vitatu kwa nafasi. Kiarabu husomwa kutoka kulia, tarakimu kutoka kushoto. Nambari iliyoandikwa mfululizo inabaki salama. Iliyotengwa kwa nafasi, ndani ya aya ya Kiarabu, kila kikundi kinabaki salama lakini vikundi vyenyewe vinapangwa kuanzia kulia, kwa hiyo mzazi anayepiga kuanzia kushoto anaanza na mwisho wa nambari. Hakuna simu duniani inayopatikana hivyo. Muda wote Maalim aliamini wazazi wanamkwepa kwa sababu ya ada, na aliwasema sana, tena mbele ya watoto wao. Dawa ni kuizungushia nambari amri mbili: isomwe kutoka kushoto, na isikatwe. Nilipoziweka, simu yake ililia kutwa nzima. Wazazi walitaka kujua kwa nini wamesemwa.

Kama kuna anayejiuliza kwa nini kivinjari kina akili fupi hivi, ni kwa sababu kina haraka. Mwaka 1981 Donald Knuth na Michael Plass walichapisha njia ya kukata aya ambayo huitazama aya nzima kabla ya kuamua mstari wa kwanza uishie wapi, na programu ya TeX inapanga vitabu kwa njia hiyo mpaka leo. Vivinjari kwa kawaida havifanyi hivyo. Vinajaza mstari, ukifurika vinashuka, vinajaza unaofuata, havitazami nyuma. Simu ya bei nafuu yenye bando la kuhesabu haina muda wa kutafakari. Tangu 2023 Chrome ina amri ya text-wrap: balance, inayosawazisha mistari ya kichwa cha habari ili neno moja lisiachwe peke yake chini. Naitumia kwenye vichwa vifupi, na simu kuukuu isiyoielewa inaipuuza tu bila madhara. Sufuri za Mzee isingeziokoa.

Kwa hiyo, msomaji wangu, tangazo unaliandika wewe lakini mistari ni ya simu ya mwenzako, na haki yako inaishia kwenye kusema ni maneno gani yasitenganishwe. Enter iguse ukimaliza aya, si kabla. Bei iandike kwa koma, hata kama mwanao yuko Uswidi. Kisha usilisome tangazo kwenye laptopu yako. Omba simu ya mtu mzima kuliko wote nyumbani, ile yenye herufi kubwa na kioo kilichopasuka, ulisome humo kwa sauti. Likieleweka humo, Mandera litaeleweka. Lisipoeleweka, nipo karibu na Soko Mugdi kuanzia saa tatu asubuhi. Kurekebisha ukurasa mmoja ni Sh 1,500, zinalipwa kwanza.